Kasi, Upana na Ukawiaji: Namna Mpangilio wa Mtandao wa Mashine Pepe Unavyoharakisha Eneokazi la Mbali

1.0 Utangulizi

Bogoro ni kijiji cha Ituri, mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, umbali wa kilomita 25 hivi kusini ya mji wa Bunia, katika barabara iteremkayo kuelekea Kasenyi kwenye ufuko wa Ziwa Albert. Jina la kijiji hicho lilienea ulimwenguni kutokana na mashambulizi ya tarehe 24 Februari 2003, ambayo baadaye yalifikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague, Uholanzi. Tarehe 24 Machi 2017 Mahakama hiyo ilitoa amri ya fidia kwa waathiriwa 297. Germain Katanga, aliyetiwa hatiani mwaka 2014 katika kesi hiyo, alifuatilia kikao kwa njia ya video akiwa Kongo. Hivyo habari za kijiji kimoja cha Ituri zilisomwa Ulaya, na sura na sauti za kikao cha Ulaya zikafika Kongo siku ile ile.

Kikao cha namna hiyo chaweza kumfanya mtu adhani kwamba kazi yoyote ya kompyuta yaweza kufanywa kutoka mbali kwa wepesi huo huo. Sivyo. Kutazama si kufanya kazi. Anayefuatilia hotuba kwa video hatambui kuwa kila neno limechelewa nusu sekunde, kwa kuwa maneno yote yamechelewa kwa kiasi kile kile. Lakini anayeandika herufi Bogoro, akasubiri kuiona katika skrini ya kompyuta iliyoko nchi nyingine, hulipa nusu sekunde hiyo upya kila anapogusa kibonye. Kwake yeye kazi ya saa moja huwa kazi ya siku nzima, na aghalabu huiacha.

Makala hii inakusudia kueleza kwa nini eneokazi la mbali huwa zito, na ni kwa kiasi gani uzito huo waweza kupunguzwa kwa kuupanga vema mtandao wa mashine pepe inayolibeba. Hoja yake kuu ni ya kilugha na ya kiufundi kwa pamoja: neno moja, kasi, limekuwa likitumika kutaja mambo mawili yaliyo mbalimbali, na mchanganyiko huo huwafanya watumiaji kununua dawa ya ugonjwa wasiokuwa nao.

2.0 Istilahi zinazotumika

Kiswahili si kigeni katika uwanja wa kompyuta. Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004 kutokana na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilidhihirisha kwamba programu za ofisi zaweza kuzungumza na mtumiaji kwa Kiswahili. Upungufu uliobaki upo zaidi katika mambo yasiyoonekana kwenye skrini, yaani yale yatendekayo ndani ya mtandao. Kwa ajili hiyo yafaa istilahi chache zifafanuliwe kwanza.

Eneokazi ni ile sura ya skrini yenye madirisha, aikoni na kishale cha puku. Eneokazi la mbali ni eneokazi la kompyuta moja linaloonyeshwa na kuendeshwa kupitia kompyuta nyingine. Mashine pepe ni kompyuta isiyo na umbo lake la chuma: ni programu inayojifanya kompyuta kamili ndani ya kompyuta nyingine. Kompyuta halisi inayoihifadhi huitwa mwenyeji, nayo mashine pepe huitwa mgeni. Mwenyeji mmoja mwenye nguvu huweza kukaribisha wageni wengi, kila mmoja akiwa na eneokazi lake, programu zake na mafaili yake.

Sasa kuhusu neno kasi. Mjini Bunia, mtu ambaye mtandao umemsumbua husema kwamba rezo iko polepole, akitumia neno lililotokana na Kifaransa. Kauli hiyo inaeleweka kwa kila mtu, lakini haisemi kasoro iko wapi. Mfano wa barabara waweza kusaidia. Lori la samaki litokalo Kasenyi hupita Bogoro likielekea Bunia. Barabara ikipanuliwa, malori mengi zaidi yatapita kwa siku, na samaki wengi zaidi watafika sokoni. Huo ni upana wa njia: kiasi cha mzigo kinachopita katika muda fulani, ambacho katika mtandao hupimwa kwa biti kwa sekunde. Lakini akiwapo mpanda pikipiki aliyetumwa kupeleka swali Bunia na kurudi na jibu, upanuzi wa barabara haumfanyi afike mapema ikiwa njia ilikuwa tupu tangu mwanzo. Kilomita ni zile zile. Muda anaoutumia kwenda na kurudi ni jambo la pili, na makala hii inauita ukawiaji, kutokana na kitenzi kawia.

Methali husema kawia ufike. Kwa msafiri, hiyo ni nasaha njema. Kwa herufi iliyoandikwa na inayosubiriwa ionekane, kukawia ndiko tatizo lenyewe.

3.0 Sababu za kutumia eneokazi la mbali

Yamkini msomaji atauliza kwa nini mtu ajitese kwa kompyuta ya mbali badala ya kutumia iliyo mezani pake. Jibu lapatikana katika kazi ya isimu yenyewe. Uchunguzi wa usemi hufanywa siku hizi kwa programu kama Praat, iliyotungwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, na ELAN, iliyotungwa katika Taasisi ya Max Planck ya Isimu-Saikolojia mjini Nijmegen. Programu hizo ni za kuona: mchunguzi huyatazama mawimbi ya sauti, huchagua kipande kwa puku, husikiliza, huandika, kisha husogea mbele. Haziwezi kugeuzwa kuwa amri za maandishi matupu bila kupoteza faida yake.

Aidha, rekodi za sauti ni nzito, na kompyuta ya mwanafunzi aghalabu ni dhaifu. Katika mashine pepe ya mbali, rekodi hubaki katika diski ya mwenyeji. Kinachosafiri ni sura ya skrini tu, pamoja na kipande cha sauti kinachosikilizwa wakati huo.

Sababu iliyo nzito kuliko zote ni ya amana. Mathalani, mtafiti akirekodi masimulizi ya wazee wa Bogoro na vijiji jirani, hupewa majina ya watu, ya koo na ya mahali, na habari ambazo msimulizi hakuzitoa ili zisambae. Kompyuta ndogo yaweza kuibwa. Kidude cha kuhifadhia mafaili chaweza kuanguka njiani na kuokotwa na yeyote. Rekodi zikikaa mahali pamoja penye ulinzi, na mtafiti akazifanyia kazi kwa mbali, hazisafiri mifukoni. Lakini utaratibu huo hudumu tu iwapo unatumika kwa wepesi. Eneokazi likiwa zito mno, mtafiti atachoka, atazinakili rekodi katika kidude chake, na ulinzi wote utakuwa umevunjika bila ya mtu kukusudia ubaya. Ndiyo maana mpangilio wa mtandao haupaswi kuhesabiwa kuwa ni suala la mafundi peke yao.

4.0 Safari ya picha

Skrini ya kawaida yenye nukta 1,920 kwa 1,080 ina nukta 2,073,600. Kila nukta ikihitaji baiti 3 za rangi, picha moja kamili ina baiti 6,220,800, yaani karibu biti milioni 50. Katika njia yenye upana wa biti milioni 2 kwa sekunde, picha hiyo ingechukua sekunde 25 kufika iwapo ingetumwa kama ilivyo. Skrini yenye nukta 1,024 kwa 768 na rangi za baiti 2 kwa kila nukta ina baiti 1,572,864, nayo ingechukua sekunde 6 na kidogo. Kwa kupunguza vipimo na rangi tu, mzigo umeshuka hadi robo. Kwa hiyo kila mfumo wa eneokazi la mbali hubana picha, na hutuma tu sehemu zilizobadilika.

Mifumo hiyo haifanani. X Window System, iliyoanza katika taasisi ya MIT nchini Marekani mwaka 1984, hutuma amri za kuchora, na programu huuliza maswali mengi kabla ya kuchora chochote. Katika mtandao wa ndani ya jengo maswali hayo hayahisiki; katika masafa ya mbali kila swali ni safari ya mpanda pikipiki. VNC, iliyozaliwa katika maabara ya Olivetti na Oracle mjini Cambridge katika miaka ya 1990, hutuma nukta zenyewe, lakini katika utaratibu wake wa asili hutuma mabadiliko pale tu upande wa mtazamaji unapoyaomba. RDP ya kampuni ya Microsoft, iliyoingia sokoni mwaka 1998, huchanganya amri na picha, na tangu toleo la 8 la mwaka 2012 huweza kutumia usafirishaji wa UDP pamoja na ule wa TCP.

Utaratibu wa VNC wa kuomba na kupewa wastahili kuangaliwa kwa makini. Ikiwa safari ya kwenda na kurudi ni nusu sekunde, na ombi jipya hutumwa baada ya picha kupokewa, basi mtazamaji atapata picha mbili tu kwa sekunde. Akinunua upana maradufu, bado ni mbili. Akinunua mara kumi, bado ni mbili. Hapa ndipo neno kasi linapomdanganya mnunuzi: ameuziwa barabara pana, ilhali alihitaji njia fupi.

5.0 Umbali na kipimo cha uvumilivu

Ukawiaji hutoka wapi? Sehemu yake ya kwanza ni maumbile yenyewe. Setilaiti za kale za mawasiliano hukaa kimo cha kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ishara hupanda hadi huko na kushuka, jumla ya kilomita zaidi ya 71,000. Mwanga husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Hivyo safari ya upande mmoja huchukua karibu sekunde 0.24, na swali pamoja na jibu lake huchukua karibu sekunde 0.48. Hakuna fundi awezaye kuupunguza muda huo. Setilaiti za kimo cha chini, zizungukazo kilomita 550 hivi juu ya ardhi, huushusha hadi makumi ya milisekunde. Katika nyuzi za kioo, mwanga husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Waya wa kilomita 10,000 huchukua milisekunde 50 kwenda na 50 kurudi.

Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya kompyuta, alieleza mwaka 1993 mipaka ambayo bado yatajwa na wengi: jibu likija ndani ya sekunde 0.1, mtu huhisi kuwa kompyuta imemtii papo hapo. Likija ndani ya sekunde 1, huona kuchelewa lakini mkondo wa fikra zake haukatiki. Kwa mtumiaji wa nyuzi za kioo, mpaka wa kwanza umo mkononi. Kwa mtumiaji wa setilaiti ya mbali, umekwisha kuvukwa kabla kompyuta haijafanya lolote. Kinachobaki kupiganiwa ni kutouvuka ule wa pili. Katika hali hiyo, kila milisekunde inayoongezwa na mpangilio mbovu ni ya thamani.

6.0 Mahali ambapo mashine pepe huongeza uzito

Mashine pepe haina waya wake. Pakiti zake zote hupita mikononi mwa mwenyeji, na namna zinavyopita ndiyo inayoitwa mpangilio wa mtandao wake. Mambo matano hukutana hapa.

6.1 Dalali na daraja

Programu nyingi za mashine pepe huanza na mpangilio rahisi wa ubadilishaji wa anwani. Mgeni hana anwani inayoonekana nje, mwenyeji humsemea. Katika namna moja ya mpangilio huo, ambayo QEMU huutumia usipoagizwa vingine, kazi hiyo hufanywa na programu ya kawaida isiyohitaji ruhusa maalumu. Programu hiyo hufanana na dalali: hupokea mawasiliano ya mgeni, huyakata, kisha huyaanzisha upya kwa jina lake na kwa akiba yake. Maelezo ya QEMU yenyewe huonya kuwa njia hiyo ina gharama kubwa na utendaji hafifu.

Gharama ya dalali si ya kuhesabu pakiti tu. Katika TCP, mtumaji huruhusiwa kutuma kiasi fulani cha baiti kabla ya kupata uthibitisho kuwa zimepokewa. Kiasi hicho huitwa dirisha. Bila ya upanuzi uliowekwa mwaka 1992, dirisha haliwezi kuzidi baiti 65,535. Katika njia yenye ukawiaji wa nusu sekunde, baiti 65,535 kwa kila nusu sekunde ni sawa na biti milioni 1.05 kwa sekunde. Huo ndio mwisho, hata kama njia iliyolipiwa ina upana wa milioni 10. Mgeni aweza kuwa na mfumo wa kisasa wenye dirisha pana. Lakini dalali aliye katikati akiwa na akiba ndogo, kipimo cha dalali ndicho kinachotawala.

Mpangilio wa daraja humwondoa dalali. Mwenyeji huiunganisha kadi ya mgeni na mtandao kana kwamba zote mbili zimechomekwa katika swichi moja. Mgeni hupata anwani yake, na mawasiliano yake hayakatwi njiani. Kwa eneokazi la mbali hili ndilo badiliko la kwanza lifaalo kujaribiwa. Lina masharti mawili. Kwanza, daraja hufanya kazi vema pale mwenyeji alipounganishwa kwa waya. Vituo vingi vya mtandao usio na waya hukataa kompyuta moja kuja na anwani mbili za kadi. Pili, mgeni aliye darajani huonekana na kompyuta zote za mtandao ule, kwa hiyo lazima awe na ukuta wa moto wake na funguo madhubuti, na milango ya eneokazi isiachwe wazi kwa intaneti nzima.

6.2 Kadi ya kuigiza

Mgeni hudhani ana kadi ya mtandao ya chuma. Mwenyeji aweza kuigiza kadi ya kweli, mathalani moja ya zile za kampuni ya Intel, ili mfumo wowote wa zamani uitambue. Lakini kila mgeni anapoigusa kadi hiyo, mashine pepe husimamishwa kwa kitambo, mwenyeji huigiza tendo la chuma, kisha mgeni huendelea. Kwa pakiti nyingi ndogo, kama zile za kishale cha puku, visimamo hivyo hulundikana. Namna ya pili ni virtio, iliyoasisiwa na Rusty Russell katika miaka ya 2007 na 2008. Tofauti yake yaweza kuelezwa hivi: katika kadi ya kuigiza, mgeni hajui kwamba huo ni mchezo, katika virtio pande zote mbili zajua, kwa hiyo huachana na maigizo na kuwekeana mizigo katika foleni ya kumbukumbu ya pamoja. Mgeni akiwa na kiendeshi kinachofaa, badiliko hili hupunguza kazi ya mwenyeji, hasa pale mwenyeji anapokaribisha wageni wengi.

6.3 Ukubwa wa pakiti

Mtandao wa kawaida hupitisha pakiti zenye hadi baiti 1,500. Mawasiliano yakipitishwa ndani ya njia ya siri, kila pakiti huvishwa ganda, na nafasi ya mzigo hupungua. WireGuard, kwa mfano, aghalabu hutumia baiti 1,420. Mgeni asipoambiwa, ataendelea kutuma pakiti kubwa, nazo zitakatwakatwa au kutupwa njiani kimyakimya. Dalili yake ni ya pekee: mtumiaji huingia vizuri, huandika jina na nywila bila tabu, kwa kuwa pakiti hizo ni ndogo, kisha skrini hubaki nyeusi pale picha ya kwanza kubwa inapopaswa kufika. Wengi husema rezo imekufa. Haikufa, ni mzigo uliozidi mlango. Tiba ni kupunguza ukubwa wa pakiti katika kadi ya mgeni.

6.4 Mlango uliosahauliwa

Imetajwa hapo juu kwamba RDP huweza kutumia UDP. Usafirishaji huu hausimamishi kila kitu kwa sababu ya pakiti moja iliyopotea, na kwa hiyo hufaa katika njia zinazopoteza pakiti. Lakini anayebaki na ubadilishaji wa anwani hulazimika kufungua mlango kutoka kwa mwenyeji hadi kwa mgeni, na aghalabu huufungua mlango wa 3389 kwa TCP tu. Eneokazi hufunguka, naye huridhika. Kumbe njia bora imefungwa nyuma yake. Hapana budi mlango huo ufunguliwe kwa TCP na kwa UDP.

6.5 Kusubiriana

Mwaka 1984 John Nagle alitunga kanuni ya kuzuia mtandao usijazwe pakiti ndogo ndogo: kipande kidogo kisitumwe mpaka kile kilichotangulia kithibitishwe. Kwa kunakili faili, kanuni hiyo ina busara. Kwa mwandishi wa herufi moja moja, humaanisha kwamba herufi ya pili husubiri safari nzima ya ile ya kwanza. Programu nyingi za eneokazi la mbali huizima. Lakini programu ya kati iliyoongezwa na mtumiaji mwenyewe yaweza kuirudisha bila yeye kujua. Kwa hiyo kadiri wa kati wanavyopungua, ndivyo mashaka yanavyopungua.

7.0 Utaratibu wa kurekebisha

Kosa la kawaida ni kubadili mambo yote kwa siku moja, kisha kutojua ni lipi lililosaidia. Utaratibu ufuatao wafaa zaidi.

Kwanza, ipimwe. Amri ya ping hutoa muda wa kwenda na kurudi. Ipimwe kutoka kompyuta ya mtumiaji hadi kwa mwenyeji, kisha kutoka kwa mwenyeji hadi kwa mgeni wake. Kipimo cha pili chapaswa kuwa chini ya milisekunde 1. Kikiwa kikubwa, kasoro imo ndani ya nyumba, si njiani. Ijulikane pia kwamba mgeni aliye nyuma ya dalali huenda asijibu ping hata kidogo, ingawa mawasiliano mengine yanaendelea. Ukimya huo si ushahidi wa kukatika.

Pili, iwekwe daraja mahali pa ubadilishaji wa anwani iwapo mwenyeji ana waya, kisha ipimwe tena.

Tatu, kadi ya kuigiza ibadilishwe kuwa virtio, au kadi ya namna hiyo inayotolewa na programu inayotumika.

Nne, ukubwa wa pakiti ulinganishwe na njia ya siri inayopitiwa.

Tano, UDP ifunguliwe pale RDP inapotumika.

Mwisho, mzigo wenyewe upunguzwe: vipimo vya skrini vishushwe, picha ya mandharinyuma iondolewe, vivuli na madoido ya madirisha yazimwe. Katika Praat, picha ya spektrogramu ina nukta za kijivu zilizotawanyika na haibaniki kwa urahisi. Kuifunga pale isipohitajika hupunguza mzigo kuliko mtumiaji anavyotarajia.

Kila hatua iandikwe pamoja na kipimo chake kabla na baada. Daftari la namna hiyo humfaa pia atakayekuja baadaye, ambaye hatalazimika kuanza na kubahatisha.

8.0 Mipaka na hitimisho

Ni haki kutaja kile ambacho mpangilio hauwezi. Mashine pepe iliyopangwa vizuri kabisa haifupishi njia ya setilaiti, haizuii umeme kukatika, wala haiongezi upana uliolipiwa. Huondoa tu uzito ulioongezwa na binadamu: dalali asiyehitajika, maigizo yasiyo na mtazamaji, pakiti zilizozidi mlango. Mahali ambapo njia ni fupi, uzito huo ndio karibu wote, na mtumiaji ataona tofauti kubwa. Mahali ambapo njia ni ndefu, nusu sekunde ya maumbile itabaki, na mtumiaji atafanya vema kuchagua mfumo usiouliza maswali mengi, au kuzifanya kazi za kuandika katika kompyuta yake na kuiachia ile ya mbali kazi za kuchambua.

Kutokana na maelezo hayo, yafaa neno kasi libakizwe katika mazungumzo ya jumla, na pale panapotafutwa sababu patumike upana na ukawiaji. Faida yake si ya kamusi peke yake. Msemaji anayeweza kusema kwamba njia ni pana lakini ina ukawiaji mkubwa, hatatumia fedha zake za mwezi kununua upana usiomsaidia. Atamwendea fundi na swali lililo wazi, naye fundi hatakuwa na pa kujificha.

Habari za Bogoro zilikwisha kusikilizwa mbali, katika ukumbi wa mahakama. Yamebaki masimulizi mengine ambayo hayakuhusu kesi yoyote: ya uvuvi, ya ndoa, ya majina ya vilima, ya Kiswahili kama kisemwavyo njiani kuelekea ziwani. Wakusanyaji wake wamepewa amana. Ni matumaini kwamba maelezo haya yatawasaidia kuichambua amana hiyo bila kuihamisha mahali salama, na bila kuchoshwa na skrini inayosubiri.